Rudisheni Redio Zenu

Watu wa Homa Bay, watu wa Migori, na ninyi mlio mbali mnaopenda kujua mambo ya watu, tegeni sikio. Habari hii ni ya redio nyeusi ya kaseti, ya mama mzee aliyeunguzwa nayo, na ya mwanamke aliyejua kila kitu akanyamaza. Majina yatatajwa bila kumung'unya maneno. Atakayeona yamemgusa, basi yamemgusa.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nane, mwaka wa 1995, jua likielekea kuzama. Nyumbani kwa Mayaka, nyuma ya soko la Homa Bay, watu walikuwa katika maandalizi ya Sabato. Mayaka mwenyewe, mfanyabiashara wa mahindi aliyehamia mjini kutoka Kisii, alikuwa mlangoni akipaka viatu rangi. Mkewe Jerusha alikuwa ameshapiga pasi nguo zote na kupika ndizi za kesho. Binti yao Beverlyne alikariri fungu lake la Biblia kwa sauti, akikosea mahali palepale kila mara. Na Nyanya Kwamboka, mama yake Mayaka, alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu wake uliovimba ukiwa juu ya stuli, sindano ya kufumia mkononi. Kila kitambaa cheupe katika nyumba ile, cha kochi, cha meza na cha kabati, kilitoka katika vidole vyake.

Mgeni wao alikuwa Marcella Nyangau, mama mwenye duka la redio karibu na posta. Watu walimwita Mama Joyline, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Marcella alikuwa Mkatoliki, mjane, na kama wao alikuwa ametoka Kisii kutafuta riziki. Kila Ijumaa alipita kwa Jerusha kunywa chai, wakasengenya soko zima kwa dakika ishirini, kisha akaenda zake.

"Sabato inabisha hodi, Mama Joyline," Jerusha alisema huku akisimama. "Wacha nilaze huyu mpiga kelele."

Alizungusha kifungo, redio ikanyamaza. Ilikuwa redio ya kampuni ya Taviko, kubwa, yenye spika mbili, na Marcella ndiye aliyemuuzia mwezi wa tano. Katika nyumba ile Sabato haikuchanganywa na dansi wala habari za mpira. Kwa hiyo kila Ijumaa Jerusha aliizima redio, akaifunika gubigubi kwa kitambaa kizito ambacho Nyanya alikifuma makusudi kwa kazi hiyo, na hakuna aliyeigusa mpaka kesho yake jioni.

Marcella aliangalia kando ya kabati. Plagi ilikuwa bado kwenye soketi.

Hapo, msomaji, nitakutobolea siri yake. Wiki tano kabla, Marcella alikuwa ameletewa barua na wakala mkuu wa Taviko aliyeko Kisumu. Barua ilisema kwamba transfoma ya redio za aina ile ina kasoro. Hata redio ikizimwa kwa kifungo, maadamu plagi iko ukutani, transfoma inaendelea kula umeme na kupata moto kupita kiasi. Halafu ikaendelea: mteja akija kulalamika, mbadilishieni transfoma kimyakimya, asiyelalamika aachwe, msitangaze popote. Marcella aliisoma mara mbili. Dukani alikuwa na redio tisa ambazo hazijauzwa. Akaisukuma barua ile ndani ya droo, chini kabisa, na kabla mwezi haujaisha redio zote tisa zilikuwa zimeondoka.

Ijumaa ile, akiwa na kikombe mkononi, alitaka kusema, "Jerusha, chomoa plagi." Maneno mawili tu! Lakini angeulizwa kwa nini, na akijibu ingebidi aitaje barua. Akameza chai, akameza na maneno.

"Sabato njema," alisema, akaenda nyumbani. Aibu yake, na aibu yetu sote tunaofanya hivyo kila siku.

Kesho yake saa tano asubuhi, Mayaka, Jerusha na Beverlyne walikuwa kanisani. Nyanya alibaki kwa sababu ya mguu. Marcella alikuwa dukani akimpimia mteja waya, mara akasikia mayowe kutoka nyuma ya soko, akaona moshi. Hakuuliza ni kwa nani. Aliacha duka wazi akakimbia.

Alipofika, jirani mmoja aliyeitwa Jacktone, mchuuzi wa samaki, alikuwa akimtoa Nyanya nje kwa kumkumbatia kifuani. "Nyasacha!" Jacktone alilia kwa Kijaluo, akimwomba Mungu wake. "Leteni maji! Dana ameungua mikono!" Dana ndilo neno lao la bibi.

Nyanya alikuwa ameona kitambaa kikifuka moshi, akajikokota hadi kabatini akakivuta. Kilikuwa kimeshashikamana na plastiki ya redio iliyoyeyuka, kikamng'ang'ania vidole. Vijana waliuzima moto kwa maji na mchanga kabla haujavuka kwenda vyumba vya kulala, lakini sebule yote ilikuwa majivu. Mkono wa kushoto wa Nyanya uliungua kidogo. Wa kulia, ule wa sindano, hata madaktari walikunja uso walipoufungua.

Marcella alipiga simu kwa wakala mkuu Kisumu Jumatatu asubuhi posta ilipofunguliwa. Siku mbili baadaye alifika dukani kwake mtu wa kampuni, jina lake Werema, mwenye shati jeupe na ulimi laini. Mayaka na Jerusha waliitwa. Jacktone naye alikuja ingawa hakuitwa.

"Poleni sana, poleni," Werema alisema, akatoa karatasi kwenye mkoba. "Kampuni imeumia kabisa. Tumeamua kumsaidia Mzee Mayaka. Mabati mapya, kochi mpya, na redio mpya juu yake. Ni kuweka sahihi tu hapa."

Mayaka hakuwa mwepesi wa kusoma Kiingereza. Alimpa Marcella karatasi. Marcella aliisoma hadi mwisho.

"Inasema moto umeletwa na kitambaa," alisema. "Inasema Nyanya ndiye alikosea kufunika redio."

"Si kukosea, Mama Joyline," Werema alisema. "Ni kutojua. Mashine inataka hewa. Nyinyi watu wa huku mnavalisha kila kitu nguo. Redio iko na nguo, televisheni iko na nguo. Sasa hapo kampuni itafanya nini?"

Jerusha aliinamisha kichwa. Tangu Sabato alikuwa ameambiwa maneno hayo na nusu ya soko, na alikuwa ameanza kuyaamini. Ni yeye aliyefunika redio. Ni mama mkwe wake aliyefuma kitambaa. Alinyoosha mkono kuomba kalamu.

Msomaji, kuna saa mtu huona maisha yake yatakavyokuwa akinyamaza, na huona yatakavyokuwa akisema, na yote mawili yanatisha. Marcella alimwona Jerusha akishika kalamu. Ghafla akageuka, akachomoa kalenda iliyoning'inia nyuma ya kaunta, akaibamiza mbele ya Werema.

"Hii kalenda ni ya nani?"

"Ni yetu, mama."

"Tazama picha. Hii ni sebule. Hii ni familia inacheka. Hii ni redio ya Taviko juu ya kabati. Na hii nyeupe juu ya redio ni nini?"

Jacktone alichungulia akapiga makofi. "Omera, ndugu yangu, si ni kitambaa! Tena kizuri kushinda cha Dana."

"Mlijua tunafunika," Marcella alisema. "Mlipiga picha ya kitambaa ndio mtuuzie redio. Sasa imeungua mnasema sisi ni washamba? Na si hiyo tu." Alivuta droo mpaka ikatoka yote, vitu vikamwagika chini, akaokota barua. "Mayaka, Mama Beverlyne, nisikizeni mimi kwanza, halafu mnifanye mnachotaka."

Akaisoma barua yote, akiitafsiri mstari kwa mstari. Hakuruka kitu. Alipofika pale pa "msitangaze popote" Mayaka alikuwa amesimama, ngumi zimekunjwa, na Jacktone alikuwa amemshika bega.

Jerusha hakupiga kelele. "Iliandikwa lini?"

"Wiki tano kabla ya moto."

"Wiki tano," Jerusha alirudia. "Na Ijumaa ulikuwa kwangu. Uliniona nikifunika. Ulikunywa chai yangu, Marcella, ukaniambia Sabato njema."

"Ndiyo."

Jerusha alimtazama hadi Marcella akashindwa kuinua macho. Kisha akaichana ile karatasi ya Werema katikati, akaichana tena, vipande akaviweka juu ya mkoba wake taratibu. "Mama mkwe wangu hajachoma nyumba," alisema. "Hiyo hatutaandika."

Werema alifunga mkoba. Ulaini ulikuwa umemwisha. "Mama Joyline, hiyo barua ni siri ya kampuni. Ukiitangaza, uwakala umeisha leo. Hakuna redio, hakuna spea, hakuna hata waya. Utauza nini?"

Marcella alivuta ngazi aliyotumia kufikia rafu za juu, akaitoa nje, akapanda. Juu ya mlango kulikuwa na kibao chekundu chenye jina la Taviko. Alikitikisa mara tatu kikang'oka na misumari yake, akakitupa nyuma ya pikapu ya Werema.

"Nitauza sufuria," alisema. "Nenda nacho."

Redio alizokuwa ameuza zilikuwa thelathini na moja, na kila mnunuzi alijaza kadi ya waranti yenye jina na mahali anapoishi. Marcella alizipanga kadi zile juu ya kaunta. Wenye redio Rangwe ndani na Sindo, wanaotumia mawe ya betri kwa sababu nyaya za umeme hazijawafikia, hao hawakuwa hatarini, lakini nao aliwatumia habari. Hofu yake ilikuwa wale wa mjini. Alikwenda kwa padri wake, akasimama baada ya misa mbele ya watu waliomfahamu, akasema kosa la kampuni, kisha akasema na lake. Alikwenda kwa mzee wa kanisa la akina Jerusha, jina lake Cephas, naye akampa nafasi Sabato iliyofuata. Alikwenda ufukweni asubuhi samaki wanapouzwa, akapanda juu ya kreti.

"Rudisheni redio zenu!" alipaza sauti. "Zote za Taviko! Hata kama inaimba vizuri! Hata kama haijawahi kukusumbua! Chomoa kwenye ukuta ulete!"

Wengine walimcheka. Wapo waliomtukana pia, wakisema anatafuta jina, au anataka kuwauzia nyingine. Mama mmoja alimuuliza kwa uchungu, "Ulikuwa wapi siku nilinunua?" Marcella alijibu, "Nilikuwa kwa kaunta, mama, na nilinyamaza. Leta hiyo redio." Alikuwa na jibu hilohilo kwa kila mtu, na kila mara lilimchoma.

Redio zilianza kuja. Zilikuja vichwani, kwenye baiskeli, kwenye mkokoteni wa Jacktone. Nyingi zilikuja na vitambaa vyake, vya waridi, vya samawati, vyenye maua pembeni. Baada ya wiki mbili zilikuwa thelathini, ukihesabu na ile iliyoungua.

Moja haikuonekana. Kadi yake ilisema: Caleb, kinyozi, karibu na stendi, Migori.

Marcella alikuwa anafunga duka aende Migori alipomkuta Jerusha mlangoni, na kikapu mkononi. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya Werema. "Naenda na wewe," Jerusha alisema. "Usifikiri tumepatana. Nataka kuona kwa macho yangu kwamba umeipata."

Caleb alikuwa kijana mcheshi, na kibanda chake kilijaa wateja. Redio ilikuwa rafuni juu ya vichwa vyao, imezimwa, imefunikwa taulo ili nywele zisiingie ndani. Chini yake, kwenye benchi, mtoto wake mdogo alikuwa amelala usingizi wa mchana.

"Mathe, hii redio iko poa," Caleb alisema baada ya kusikiliza. "Haijawahi kunisumbua hata siku moja. Nikikupa, wateja wangu watasikiza nini, mkasi?"

Wateja walicheka. Marcella alijaribu kueleza habari ya transfoma, Caleb akaendelea kunyoa. Ndipo Jerusha aliposogea, akamshika Caleb kifundo cha mkono, mashine ya kunyolea ikingali inanguruma, akamnyanyulia kiganja hadi mgongoni mwa redio, chini ya taulo.

Caleb aliruka. "Ati nini? Na imezimwa!"

"Yangu pia ilikuwa imezimwa," Jerusha alisema. "Mama mkwe wangu amepoteza mkono. Mtoe mtoto hapo."

Caleb alichomoa plagi kwanza, akamwinua mtoto, kisha akaishusha redio mwenyewe na kumkabidhi Marcella. Alikuwa amesahau kabisa kwamba mteja wake ameketi na kichwa kilichonyolewa nusu.

Mwaweza kudhani habari imekwisha hapo. Redio thelathini na moja zilikuwa zimepatikana. Lakini Marcella alijua kuwa Kisumu, Kisii na Kericho kuna maduka mengine, na kila duka lina droo yake. Mayaka alitoa lori lake la mahindi. Walizipakia redio zote, wakamweka Nyanya Kwamboka mbele karibu na dereva, na Alhamisi saa tatu asubuhi wakazipanga mlangoni pa wakala mkuu kule Kisumu, moja baada ya nyingine, hadi wateja wakakosa pa kupita. Ile iliyoungua waliiweka mbele.

Meneja alitoka mbio. Werema alikuwa nyuma yake. "Ingieni ndani, tuzungumze kwa amani. Mama mzee, karibu kiti."

"Nitakaa hapa nje," Nyanya alisema. Aliketi kwenye stuli katikati ya redio, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Watu wa barabarani walikuwa wameanza kusimama. "Nimeambiwa nyinyi mnasema ni kitambaa changu. Nimefuma vitambaa tangu nikiwa msichana. Vimekaa juu ya meza, juu ya vyungu, juu ya jeneza la mume wangu. Hakuna siku kimoja kilijiwasha moto."

Mtu mmoja katika umati alisema, "Kweli, mama!" Mwingine akauliza redio hizo ni za kampuni gani, na mwingine akasema yeye anayo nyumbani, iko kwenye umeme sasa hivi. Huyo wa mwisho aliondoka akikimbia.

"Mnataka nini?" meneja aliuliza kwa sauti ya chini.

"Barua," Marcella alisema. "Mliandika moja ya kuficha. Andikeni nyingine ya kutangaza. Iwekwe kwenye gazeti, ibandikwe kwa kila duka, itangazwe kwa Kiswahili. Mseme transfoma ni mbovu, watu warudishe, na kampuni itabadilisha bila kumuuliza mtu amefunika na nini."

Walikaa pale mpaka saa tisa. Jua liliwachoma, walinzi waliitwa, askari wawili walifika, wakasoma ile barua ya siri iliyokuwa ikipitishwa kutoka mkono hadi mkono, wakaenda kusimama upande wa pili wa barabara bila kumgusa mtu. Saa tisa meneja aliandika. Wiki hiyohiyo tangazo lilitoka, na katika mwezi mmoja redio zilirudi kwa mamia. Nyingine zilikuwa zimebabuka mgongoni, tayari kabisa kuwaka.

Mabati ya Mayaka yalilipwa bila sahihi ya uongo. Marcella hakurudishiwa uwakala, na mpaka leo anauza sufuria. Vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na Nyanya Kwamboka hakufuma tena. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, akaacha. Siku moja Marcella alimwendea, akapiga magoti, akaomba msamaha.

"Umezirudisha redio zote," Nyanya alisema. "Mkono wangu hujaurudisha. Inuka uende kazini."

Marcella aliinuka akaenda.

SOMO LETU

Mwenye kiwanda, kitu kikitoka mikononi mwako na kasoro, na wewe unaijua, kasoro hiyo ni yako popote kitu hicho kilipo. Usingoje mtu alalamike. Anayelala karibu na redio yako hajui cha kulalamikia. Mwite, umwambie, ukichukue kitu chako, hata kama kinakutia hasara na haya. Na usithubutu kutuambia tunaishi vibaya, kwa maana ulituuzia ukijua tunavyoishi.

Mwenye duka, barua ya siri ikikufikia, itoe nje siku hiyohiyo. Marcella aliwaokoa watu wengi, na tunamheshimu kwa hilo, lakini kimya cha wiki tano kilimgharimu mama mzee mkono wake, na ushujaa wote uliofuata haukumrudishia hata kidole.

Nasi wanunuzi tuache kuona haya. Ukiuziwa kitu kibovu usijilaumu kabla hujauliza, na usiweke sahihi kwenye karatasi inayomgeuza aliyeumia kuwa mkosaji. Kibebe kitu hicho ukakiweke mlangoni pa aliyekitengeneza, waite na majirani, mkae hapo mpaka aandike.